Oddný na Gari la Jiko

Ukimwuliza Oddný mumewe anaumwa nini, atakujibu bila kupepesa macho kwamba anaumwa kitu kimoja tu. Eyvindur hana neno jingine akielekea bandani. "Naenda kurekebisha kitu kimoja tu," husema, akavaa ovaroli lake lenye grisi ya miaka na mikaka, na mchana ndio umekwisha hivyo. Supu itapoa, kondoo watalia, wageni watakuja na kuondoka, na miguu ya Eyvindur bado itakuwa inachungulia chini ya Grána.

Grána alikuwa Land Cruiser yao kuukuu. Jina lenyewe ni la farasi jike wa kijivu, na pale nyumbani walimsema kama mtu wa ukoo. Alipofika mara ya kwanza alikuwa gari la heshima zake, la kupelekea watu kanisani. Eyvindur akamzunguka mara moja, akasema tairi zile ni nyembamba, theluji itazimeza. Akamfunga tairi za kumfika mtu kiunoni. Tairi zikasugua madigadi, ikabidi madigadi yakatwe. Zikaendelea kusugua, ikabidi bodi iinuliwe. Bodi ilipoinuka springi zikawa fupi, springi ziliporefushwa shafti haikufika, na shafti ilipofika ikaonekana kwamba injini inahema kuyasukuma matairi yale. Basi gia za difu, zile za kwenye ekseli zinazogawia magurudumu nguvu, nazo zikabadilishwa, na tangu siku hiyo geji ya mwendo husema uongo, Oddný huendesha kwa kukisia. Hapo hatujagusa kutu. Kila masika Eyvindur alikata bati lililooza na kuchomelea jipya, hata sehemu ya Grána iliyobaki kama alivyozaliwa ilikuwa paa, nayo ilikuwa imeanza kutazamwa.

Oddný aliyavumilia yote hayo kwa sababu ya wiki moja ya Septemba. Huko Iceland kondoo huachiwa milimani kiangazi kizima, wakatembea watakako, na baridi ikianza kunukia wafugaji wa bonde zima hupanda kwa farasi kwenda kuwashusha. Nyuma ya farasi hufuata gari la jiko: sufuria kubwa, viazi, nyama ya kondoo ya moshi, nyasi za farasi, soksi kavu, na juu ya vyote kahawa. Gari la jiko lilikuwa la Oddný. Aliliendesha tangu angali bibi harusi. Wiki ile hakuna aliyemwuliza glavu zake ziko wapi wala simu ya nani inalia. Alivuka mito, akapika supu kwenye kibanda cha bati katikati ya mlima mtupu, jioni akaimba na watu wenye matope hadi masikioni. Aliipenda wiki ile kuliko Krismasi, na hakuona haya kusema.

Mwaka uliotangulia kisa hiki, jioni ya kuamkia safari, Eyvindur alikwenda bandani kwa kitu kimoja tu. Alilipandisha juu zaidi bomba la kuvutia hewa ya injini ili Grána asinywe maji mtoni. Wazo zuri. Ila alisahau kukaza klampu moja, ule mkanda wa chuma unaobana bomba. Katikati ya mto Grána akakohoa, na bahati njema Oddný akazima injini papo hapo, Grána asije akapasuka tumbo. Watu na farasi walikuwa ng'ambo, kahawa iko katikati ya maji. Mpaka trekta lilipopatikana, wafugaji walikula samaki mkavu na siagi, wakateremshia kwa maji baridi. Kwa samaki mkavu wangemsamehe Oddný. Kwa kahawa hawakumsamehe.

Ndipo kwenye mkutano wa bonde, Februari, baada ya maandazi ya kusokotwa kupita mara ya pili, Sigmar akakohoa. Sigmar ndiye mfalme wa mlima, yaani msimamizi wa msako, mtu mpole asiyependa kumuudhi yeyote, na ndiyo maana alipomuudhi Oddný alikuwa anatazama dirishani. Alisema Grána amefanya kazi kubwa, wote wanashukuru. Alisema pia kwamba Ketill amejitolea kutoa gari lake jipya. Kwa hiyo Septemba hii gari la jiko litakuwa la Ketill, na Oddný apumzike, anastahili kupumzika.

Oddný alipiga makofi pamoja na wengine. Akarudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ketill hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokera. Alikuwa ameuza viatu mjini Reykjavík nusu ya maisha yake, akarithi shamba la babake, akarudi bondeni peke yake na gari linalong'aa lenye viti vya kupashwa moto. Gari hilo halikuwa na tone la kutu. Liliwaka kila asubuhi kwa kubonyezwa kitufe. Hata Oddný angekuwa mfalme wa mlima, angelichagua hilo hilo. Alijua hivyo, na kwa kujua akazidi kuumia.

Lakini mke wa mgonjwa huujua ugonjwa, na huijua njia unayoambukizia.

Kwenye bwawa la kuogelea la kijiji kuna karo la maji moto, watu wazima hukaa humo hadi shingoni hata theluji ikiwaangukia vichwani, na hakuna habari ya bonde isiyopita humo kwanza. Jumamosi moja Oddný alimkuta Ketill amekaa na wenzake kadhaa, mashavu mekundu. Akajitumbukiza, akapumua, akasubiri mazungumzo ya bei ya sufu yafe yenyewe.

"Gari lako zuri, Ketill," akasema. "Kweli kabisa. Na tairi zile zitakufaa sana mjini."

Ketill akamtazama. "Mjini? Aliyeniuzia alisema linapanda popote."

"Alikuwa amevaa viatu gani, huyo aliyekuuzia?"

Ketill alifikiri kwa dhati, maana viatu ndivyo alivyovijua. "Vya ngozi," akasema polepole. "Vya kuchongoka mbele."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Watu walitazama maji tu, mabega yakitikisika, na Oddný akahamishia maneno kwenye homa ya ng'ombe wa jirani. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Haikupita wiki, gari linalong'aa likasimama mbele ya banda la Eyvindur, na Ketill akateremka akiwa na kopo la biskuti, akasema anataka ushauri kidogo kuhusu tairi. Tairi tu. Kitu kimoja.

Eyvindur alilizunguka lile gari mara moja. Oddný, aliyekuwa dirishani, aliyaona macho ya mumewe yakilegea kama ya mtu aliyeletewa mtoto mchanga ampakate.

Basi yakaanza. Mashine ya kukatia ilipogusa yale madigadi mapya, Ketill aligeuka akatazama ukuta, mabega juu, hadi kelele zikaisha. Baada ya hapo akawa hana la kuogopa tena. Kila jioni ya kazi alikuwa chini ya gari lake na tochi mdomoni. Na kila Oddný alipoona kazi inaelekea kufika mwisho, alipeleka kahawa bandani, akaegemea mlango na kuuliza swali moja dogo la kijinga la mwanamke asiyejua magari.

"Na breki za kiwandani," akauliza siku moja, "zinaweza kuyashika matairi makubwa hivyo?"

Eyvindur na Ketill wakatazamana. Breki ziliwapeleka hadi msimu wa kuzaa kondoo. Swali la usukani, kama hautatetemeka kwenye changarawe, liliwapeleka hadi kukata nyasi. Swali la pampu ya upepo ya ndani ya gari, maana huko juu mtu hupunguza upepo wa tairi kwenye theluji akajaza tena kwenye mawe, wala hawezi kujaza kwa mdomo, hilo lilimgharimu Oddný sinia zima la keki ya rhubabu, lakini lililipa.

Kuna jambo ambalo hakulitegemea. Ketill alikuwa anapona kitu. Mtu aliyekula peke yake mbele ya redio sasa alikula mezani kwao, anaeleza kwa mikono yote miwili jinsi boliti ilivyokataa kufunguka. Kwenye mazishi ya mzee mmoja wa bonde alisimama kando na mchungaji wa kanisa, akazungumza habari za springi hadi mchungaji akasahau kofia yake. Alikuwa na furaha, na Oddný alipomwona hivyo aliona aibu, kisha akaenda kufikiria swali lingine.

Mwezi wa Agosti maswali yakamwishia. Gari la Ketill lilikuwa limeinuka, limekatwa, limefungwa kila kitu kinachofungwa. Zilibaki gia za difu, nazo zikafika ndani ya maboksi mawili, za nyuma na za mbele. Eyvindur alifunga za nyuma. Akasema za mbele ni kazi ya siku mbili, halafu mkaguzi wa magari aje atie mhuri, na Ketill atapanda mlimani na muda wa kutosha mkononi.

Kesho yake wanaume wakiwa malishoni, Oddný aliingia bandani peke yake. Boksi la pili lilikuwa juu ya meza ya spana. Alilibeba. Lilikuwa zito, na alijua mahali pa kulipeleka, palepale nyuma ya marobota ya nyasi ambapo hata panya hafiki. Alisimama nalo kifuani kwa muda. Kumchokonoa mtu kwa maswali ni mchezo. Kumwibia mtu aliyekula mezani kwako ni wizi, hata ukauita jina gani. Akalirudisha boksi mahali pake, akafuta alama za vidole kwa aproni. Halafu akaingia jikoni, akaitoa ile sufuria kubwa ya mlimani, akaisugua kwa mchanga hadi akaona uso wake ndani yake, ili amkabidhi Ketill ikiwa safi. Alilia kidogo akisugua. Alikuwa amepigana vita vyake na ameshindwa, na sasa Septemba ingempita barabarani naye amesimama dirishani na kitambaa cha vyombo.

Siku iliyofuata Eyvindur alifungua boksi. Ketill alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Oddný mlangoni na birika. Eyvindur alichukua ile gia kubwa ya duara, akaweka alama ya chaki kwenye jino moja, akaanza kuhesabu akiizungusha kwa kidole gumba, midomo ikicheza. Akafika kwenye chaki. Akahesabu tena.

"Lo," akasema. "Arobaini na moja."

"Ndiyo nini?" Ketill akauliza.

"Za nyuma ni arobaini na tatu. Wametuletea gia zisizo pacha, ndugu yangu. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziende mwendo mmoja. Zikitofautiana, ukiunganisha magurudumu yote manne, ya mbele yatavuta kwa mwendo wake na ya nyuma kwa wake, na katikati hapo patavunjika."

Ketill aliuliza zingine zitachukua muda gani. Eyvindur akasema wiki kadhaa, zinatoka ng'ambo. Akasema pia asihangaike, yatajipa tu, kama wasemavyo watu wote wa kule hata nyumba ikiungua. Gari linalong'aa likabaki juu ya magogo, limevuliwa magurudumu yote manne, miguu mitupu.

Ketill mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Sigmar. Jioni ile simu ikalia.

"Oddný," Sigmar akasema, "kahawa ipo?"

"Ipo."

"Haya, utapanda nasi."

Oddný alirudisha simu mahali pake akacheza peke yake jikoni, mwanamke wa miaka yake, na paka akashuhudia.

Na hapa nieleze jambo ambalo bonde zima lilichelewa kuling'amua. Kwa kuwa Eyvindur alikuwa na gari la mtu mwingine la kuchezea, tangu Februari hakumgusa Grána. Hakumboresha. Hakumhamishia bomba lolote. Oddný alikaza klampu zote kwa mkono wake, akabadilisha oili, akampiga grisi, akamwacha apumzike. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Grána alifika Septemba akiwa mzima.

Ketill aliomba kukaa kiti cha pembeni ajifunze. Oddný hakuweza kumkatalia, na alipomwona amebeba daftari jipya na kalamu akamwambia aviweke mfukoni, mto hausomeki kwenye karatasi. Walipofika ukingoni maji yalikuwa meupe kwa vumbi la mawe lililosagwa na barafu ya mlimani, yanasukuma mawe chini kwa mngurumo. Sigmar alikwishavuka na farasi. Oddný alisimamisha gari, akatoka, akayatazama maji muda mrefu bila haraka yoyote. Alimwonyesha Ketill kwamba pale maji yanaporuka na kuchafuka ni kina kifupi, na pale yalipotulia vizuri ndipo pa kuogopa. Akapunguza upepo wa tairi, akaingiza gia nzito, akateremka kimshazari kufuata mkondo.

Maji yalipanda hadi kwenye taa. Ketill alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Grána akayumba, ubavu wake mzima ukasukumwa na mto, na Oddný hakugusa klachi wala breki, aliacha injini ivute kwa pumzi ile ile moja. Halafu pua ikainuka, maji yakamwagika kutoka kila mahali, na wakawa juu ya kokoto nyeusi, farasi wakiwatazama.

Walipofika kibandani, Ketill alikuwa wa kwanza kwenye birika. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa akiwa amesimama. Kisha mbele ya watu wote akamwambia Sigmar kwamba gari lake likiwa tayari yeye atabeba nyasi za farasi, atakuja nyuma ya Oddný, na atakanyaga pale tu Oddný alipokanyaga. Kazi ya jiko ni ya mwenye kazi. Alisema bila kinyongo, akaomba supu. Sigmar alitazama sakafu akasema hata yeye alikuwa anafikiria hivyo hivyo.

Oddný aliimba wiki nzima, lakini kila Ketill alipomtabasamia kitu kilimchoma.

Kondoo waliposhushwa hadi zizi kubwa la duara, bonde lote lilikuja kuwachambua, kila mtu akitafuta alama za masikioni mwa kondoo wake na kuwaburuta kwa pembe. Eyvindur alikuwepo, amemkumbatia kondoo dume mkubwa kati ya magoti. Oddný akashika pembe ya pili. Hapo hapo, katikati ya kelele, alimwambia yote: karo la maji moto, breki, usukani, keki ya rhubabu, na boksi alilolibeba akalirudisha. Alisema amemchezea shere jirani mwema, na anaona aibu.

"Halafu Mungu akanisaidia kwa zile gia," akamalizia, "na sikustahili."

"Mungu muache na mambo yake," Eyvindur akasema. "Yalikuwa arobaini na tatu."

"Nini?"

"Meno. Mbele arobaini na tatu, nyuma arobaini na tatu. Nilihesabu vibaya."

"Wewe? Hujawahi kuhesabu vibaya tangu nikujue."

"Sasa nimewahi."

Oddný aliiachia pembe. Kondoo dume akajaribu kuondoka, Eyvindur akambana tena, na alizungumza akimtazama kondoo badala ya mkewe.

"Mwaka jana ile klampu niliisahau mimi," akasema. "Lawama ukabeba wewe, na hukuniambia neno. Na maswali yako ya bandani niliyasikia; nilikuwa chini ya gari, sikuwa kiziwi. Halafu niliporudi kutoka malishoni nikakuona ukiisugua sufuria ile." Akafuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Jumatatu nitahesabu upya, nitamwambia Ketill macho yangu yamezeeka. Atakubali. Yule mtu ananiamini."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, na Oddný akaona lilivyomuuma. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hakumdanganya fundi wala mteja hata kwa nati moja, ambaye angelala chini ya gari hadi asubuhi kuliko kusema kazi iko sawa ilhali haiko sawa, na alikaa bandani na chaki mkononi, mbele ya rafiki yake, akasema arobaini na moja. Miaka yote alidhani mume wake haoni kitu kilicho juu ya ekseli.

Akamvuka yule kondoo dume hadi upande wa pili, akamshika Eyvindur uso wake wenye grisi, akambusu mbele ya bonde zima, jambo ambalo hawakulifanya hata siku ya harusi yao. Kondoo dume akatoroka. Hakuna aliyemfuata.